Namba 174517: Mtihani wa kemia ndani ya Auschwitz

Shuleni kwetu, naibu wa mwalimu mkuu tulimwita Hitler. Hakuwa mtu mbaya sana. Alipenda tu kusimama langoni asubuhi na mkasi mfukoni, na ukipita na nywele ndefu anakukata mstari mmoja katikati ya kichwa, unashinda siku nzima ukitembea na barabara ya lami utosini. Nina hakika hata wewe ulikuwa na Hitler wako. Karibu kila shule ya upili hapa nchini ina mmoja, na ukiwauliza wanafunzi Hitler mwenyewe alikuwa nani, watakujibu ni jamaa fulani wa masharubu madogo aliyekuwa mkali.

Mimi pia nilijua hivyo tu. Nakwambia mapema usije ukadhani unaongea na msomi. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hiyo stori nitaifikia. Vita vya Pili vya Dunia nilivisoma usiku mmoja kabla ya mtihani, nikakariri tarehe, na nilipotoka tu kwenye chumba cha mtihani nikazisahau zote.

Halafu mwaka jana nikanunua kitabu kwa Sh100. Unawajua wale wauzaji wa vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji la Nairobi, wale wanatandaza karatasi la nailoni kando ya njia na wewe unainama kuchagua? Hapo. Nilikichukua kwa sababu mbili tu: kilikuwa chembamba, na foleni ya magari ya kwenda Githurai jioni inahitaji kitu cha kufanya bandolo zikiisha. Jalada lilikuwa limeng'oka nusu. Mwandishi alikuwa Mwitaliano anayeitwa Primo Levi. Kwa Kiitaliano kitabu kinaitwa Se questo è un uomo, yaani, kama huyu ni mtu.

Matatu ilifika Githurai, watu wakashuka, mimi nikabaki kwenye kiti mpaka makanga akanigongea dirisha.

Hebu nikupe stori ya huyu jamaa, kisha utaamua mwenyewe.

Primo Levi alizaliwa Torino, kaskazini mwa Italia, Julai 31, 1919. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi lakini si ya kushinda sinagogi. Wayahudi wa Italia walikuwa wachache, kama mtu mmoja hivi kati ya kila Waitaliano elfu moja, na walikuwa wamechanganyika na wenzao kiasi kwamba yeye mwenyewe alisema Uyahudi wake ulikuwa kitu kidogo tu, kama kuwa na pua iliyopinda. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye haya kwa wasichana, na alipenda vitu viwili: kupanda milima na kemia. Yaani yule mwanafunzi mnayemkuta maktaba hata wakati wa likizo.

Mwaka wa 1938 serikali ya Mussolini ikatunga sheria za ubaguzi wa rangi. Watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa kwenye shule za umma. Walimu wa Kiyahudi wakaachishwa kazi. Myahudi hakuruhusiwa kuoana na Mwitaliano "halisi". Levi aliponea chupuchupu, kwani sheria iliwaruhusu waliokuwa tayari chuo kikuu wamalize. Akamaliza 1941 kwa alama za juu kabisa, na akapewa cheti. Lakini kwenye cheti hicho wakaandika kwamba mwenye cheti ni wa rangi ya Kiyahudi.

Fikiria hapo kidogo. Wewe unayepeleka stakabadhi zako kutoka ofisi moja hadi nyingine ukiambiwa subiri tutakupigia, sasa cheti chenyewe ulichosomea ndicho kinamwambia mwajiri asikuajiri. Kazi ya kwanza Levi aliipata kwenye mgodi wa asbesto, kwa siri, kwa jina ambalo si lake.

Septemba 1943 Italia ikajisalimisha kwa majeshi ya Uingereza na Marekani, na Wajerumani, waliokuwa marafiki zake jana, wakaingia na kuikalia sehemu ya kaskazini. Levi na wenzake wachache wakakimbilia milimani kuwa wapiganaji wa msituni. Ukisoma anavyojieleza unacheka: hawakuwa na silaha za maana, hawakuwa na pesa, wala hawakujua kupigana. Alfajiri ya Desemba 13, 1943 wakanaswa. Alikuwa na miaka 24. Akihofia kwamba akikiri ni mpiganaji atapigwa risasi papo hapo, akakiri kwamba ni Myahudi. Alidhani hiyo ndiyo njia salama.

(Kitu kimoja kilinijia hapa, samahani nikitoka nje ya barabara. Ukishuka Bonde la Ufa kwa barabara ya chini, kabla ya kufika Mai Mahiu, kuna lile kanisa dogo kando ya njia. Lilijengwa 1942 na Waitaliano waliokuwa mateka wa vita wa Waingereza hapa Kenya, wakichimba hiyo barabara. Nimelipita mara ngapi? Mwaka mmoja tu baadaye, Mwitaliano mwingine, kwao nyumbani, alikuwa anakamatwa kwa sababu ya ukoo aliozaliwa. Dunia yetu ilikuwa ndogo hata wakati huo.)

Wakampeleka kambi ya Fossoli, karibu na mji wa Modena. Februari 21, 1944 Wayahudi wote wa kambi hiyo wakatangaziwa kwamba kesho wanaondoka. Akikosekana mmoja wakati wa kuitwa majina, kumi watapigwa risasi.

Levi anaeleza usiku ule wa mwisho. Wapo waliosali, wapo waliolewa. Lakini akina mama walikesha wakipika chakula cha safari, wakiwaogesha watoto na kufunga mizigo, na asubuhi seng'enge ya kambi ilikuwa imejaa nguo za watoto zilizoanikwa zikauke. Hawakusahau nepi wala vitu vya kuchezea. Kisha anamgeukia msomaji na kumuuliza kama yeye, akijua kesho mwanawe atauawa, angekosa kumpa chakula leo. Nilisoma hapo mara tatu. Mama aliyekuwa amekaa kando yangu kwenye matatu alikuwa amempakata mtoto aliyelala, na nikashindwa hata kuwaangalia.

Kesho yake watu 650 wakapakiwa kwenye mabehewa 12 ya mizigo. Safari ilichukua siku nne na zaidi, wakati wa baridi kali, wakilia kiu kuliko njaa. Ndani ya treni hiyo kulikuwa na msichana wa miaka mitatu anayeitwa Emilia. Wazazi wake walikuwa na beseni, na njiani walifaulu kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu ambayo dereva wa treni aliwaruhusu kuteka kutoka kwenye injini. Mtoto akaoga, akatakata.

Treni ilifika usiku. Milango ikafunguliwa, taa, kelele, maafisa wakiuliza maswali mafupi: umri gani, mzima au mgonjwa. Hawa huku, wale kule. Haikuchukua hata dakika kumi. Wanaume 96 na wanawake 29 wakaandikishwa kwenda kambini kufanya kazi. Wengine wote, zaidi ya watu 500, waliuawa ndani ya siku mbili. Wanawake, wazee, watoto. Emilia alikuwa miongoni mwao.

Mahali pale paliitwa Auschwitz, Poland iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Watu kama milioni 1.1 waliuawa hapo, karibu milioni moja kati yao Wayahudi, wengi kwenye vyumba vya gesi. Kote Ulaya, Wayahudi waliouawa na Wanazi na washirika wao walifika milioni sita. Nakupa hizi hesabu kwa sababu lazima zitajwe, ila nakiri mimi hesabu kubwa huwa hazinigusi. Beseni la Emilia lilinigusa.

Levi alivuliwa nguo, akanyolewa, akapewa gwanda la mistari na viatu vya mbao, na kwenye mkono wa kushoto akachanjwa namba: 174517. Ili upate mkate na supu yako ilibidi uonyeshe hiyo namba. Jina halikuwa na kazi tena.

Hapa ndipo nilianza kuelewa kwamba jina la utani tulilompa naibu wetu lilikuwa upuuzi. Nilikuwa nadhani kambi ya Wanazi ni kupigwa na kuuawa tu, basi. Sikujua kwamba ni mfumo uliopangwa hadi kwenye kijiko. Sikiza hii: mfungwa mpya alipewa bakuli la supu lakini hakupewa kijiko. Bila kijiko ulilamba supu kama mbwa. Kijiko ulikinunua kwa mkate wako mwenyewe, kwa wafungwa wenzako waliotengeneza kwa siri. Kambi ilipokombolewa, Levi anasema, walikuta ghalani vijiko vipya maelfu kwa maelfu, mbali na vile vilivyotolewa kwenye mizigo ya watu walioletwa na treni. Vijiko vilikuwepo. Havikutolewa tu.

Na viatu. Wewe na mimi tunafikiri kifo kinaanzia tumboni. Levi anasema kwenye kambi kilianzia miguuni. Kiatu cha mbao kinakuchubua, kidonda kinavimba, unachechemea, unakuwa wa mwisho kwenye foleni kila mahali, unapigwa kwa sababu wewe ni wa mwisho, unapelekwa zahanati, na daktari wa zahanati anajua kabisa kwamba mtu wa miguu iliyovimba hatapona. Mkate ulikuwa pesa. Kulikuwa na soko, na bei zilipanda na kushuka kama nyanya za Marikiti. Shati kwa mkate. Tumbaku kwa mkate. Jino la dhahabu kwa mkate.

Siku moja mwanzoni, akiwa na kiu, akaona kipande cha barafu kinaning'inia nje ya dirisha. Akanyoosha mkono akakivunja. Mlinzi akatokea akampokonya. Levi, kwa Kijerumani chake cha kubahatisha, akauliza sababu. Akajibiwa kwamba mahali pale hakuna sababu.

Kambi yake iliitwa Monowitz, ikiwa na wafungwa kama elfu kumi, kilomita chache kutoka kambi kuu. Ilijengwa kando ya kiwanda cha kampuni ya I.G. Farben ili wafungwa wafanye kazi huko. Kiwanda kilikusudiwa kutengeneza mpira bandia. Maelfu walikufa wakikijenga, wakibeba vyuma na saruji kwenye theluji. Na unajua kilitoa mpira kiasi gani mpaka vita vinaisha? Hata kilo moja haikutoka.

Sasa tufike kwa mtihani, maana ndio ulinifanya niandike makala haya.

Wajerumani walitangaza kwamba wanatafuta wanakemia miongoni mwa wafungwa. Levi akajitokeza. Hebu vuta picha: mtu amekonda mpaka mifupa, ananuka, hajaoga kwa sabuni kwa miezi, anaingizwa kwenye ofisi safi yenye meza inayong'aa, na nyuma ya meza kuna Mjerumani mwenye nywele za rangi ya dhahabu, Daktari Pannwitz, anaandika. Levi anasimama, anaogopa kugusa kitu asije akachafua. Pannwitz anainua macho na kumtazama. Hakuna chuki kwenye macho yale. Anamtazama kama mtu anayetazama samaki ndani ya tangi la kioo. Levi anasema laiti angeweza kulielezea jicho lile vizuri, angekuwa ameeleza wazimu wote wa Wanazi.

Kisha mtihani ukaanza, kwa Kijerumani. Ulimaliza lini? Mwaka 1941, kwa alama za juu. Ulifanya utafiti kuhusu nini? Na hapo, anasema, kitu kikaamka ndani yake. Kemia yote ikarudi. Kichwa ambacho kwa miezi kilikuwa kinawaza mkate peke yake kikaanza kupanga majibu, kile kile kijoto cha mtihani cha chuo kikuu, damu inachemka, unajua unajua.

Mtihani ukaisha, akatolewa nje. Njiani kurudi, msimamizi wao, mfungwa wa Kijerumani aitwaye Alex, akashika kebo yenye grisi, akachafuka mkono. Bila hasira na bila hata kumdhihaki, akaupangusa kwenye bega la Levi. Upande mmoja wa kiganja, kisha upande wa pili. Kama tambara. Levi anasema ni kwa kitendo hicho anamhukumu Alex, pamoja na Pannwitz, na wengine wote waliokuwa kama wao.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu.

Nilikuahidi stori yangu, na ni fupi. Mwaka wa pili, muhula wa pili, nilikuwa na deni la karo. Asubuhi ya mtihani wa kwanza nilifika mlangoni bila kadi ya mtihani, na mwanamume mmoja mwenye orodha akapitisha kalamu juu ya jina langu bila kuniangalia. Nilikuwa nimesoma, wallahi. Nilijua kila kitu. Nikasimama nje ya dirisha nikaona wenzangu wakigeuza karatasi, na nikaona swali la kwanza lilivyowafurahisha. Sikurudi tena. Usinielewe vibaya, sifananishi. Mimi nilienda nyumbani, nikala ugali, nikalala, na leo niko hapa nakusumbua. Aliyefananisha karo na Auschwitz atakuwa hana akili. Nakwambia tu kwa nini mtihani wa huyu jamaa ulinishika kooni: kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiambia kwamba kile nilichosoma kilipotea siku ile mlangoni.

Matokeo ya Levi yalichukua miezi. Mwishoni mwa 1944, baridi ya pili ikiwa imeingia, akawa mmoja wa wafungwa watatu waliochaguliwa kufanya kazi maabara. Usifikirie heshima. Fikiria joto. Maabara ilikuwa na joto, na huko nje watu walikuwa wanaganda. Tena maabara ina vitu vya kuiba. Aliiba vijiti vidogo vya chuma cha aina ya seriumu, kama 40, na usiku, chini ya blanketi, yeye na rafiki yake Alberto wakavikwangua mpaka vikaingia kwenye laita za sigara. Kila kijiti kilitoa vijiwe vitatu. Kijiwe kimoja kiliuzwa kwa kipimo cha mkate wa siku moja. Piga hesabu: vijiwe 120, miezi miwili ya uhai kwa kila mmoja wao. Hiyo ndiyo hasla, si hii yetu ya kuuza akaunti za intaneti.

Lakini ukimuuliza Levi ni nani alimwokoa, hatakutajia kemia kwanza. Atakutajia mtu wa mjengo. Lorenzo Perrone alikuwa fundi wa matofali kutoka mji wa Fossano, Mwitaliano, si Myahudi, aliyekuwa akifanya kazi pale kama kibarua wa kawaida. Kwa miezi sita alimletea Levi supu na mabaki ya mkate wake kila siku. Alimpa fulana yake iliyojaa viraka. Alimwandikia kadi ya kwenda Italia na akamletea jibu. Kusaidia mfungwa ilikuwa hatia kubwa. Hakutaka malipo yoyote, na alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kuna siku alileta supu ikiwa na mchanga ndani, akaomba radhi kwamba ni chafu. Baada ya zaidi ya mwaka ndipo Levi akajua kilichotokea: bomu lilikuwa limeanguka karibu naye, likamfunika udongo na kumpasua ngoma ya sikio. Akainuka akaipeleka supu.

Levi anasema Lorenzo hakumwokoa kwa supu peke yake, bali kwa kumkumbusha kwamba huko nje bado kulikuwa na watu wazuri. Vita vilipoisha Lorenzo alirudi Italia kwa miguu. Lakini alikuwa ameona mambo mengi. Akaingia kwenye pombe, akaacha kazi yake ya ufundi, akawa analala nje. Levi alimtafutia hospitali, akatoroka. Alikufa 1952. Watoto wawili wa Levi wanabeba jina lake: binti anaitwa Lisa Lorenza, na mvulana Renzo.

Januari 1945 majeshi ya Urusi yalikuwa yanakaribia. Levi akaugua homa ya skaleti, ile ya vipele vyekundu, akalazwa. Ikawa bahati yake. Januari 18 Wajerumani wakawakusanya wote wanaoweza kutembea, kwa hesabu ya Levi watu kama 20,000 kutoka kambi mbalimbali, wakaondoka nao kwa miguu kwenye theluji. Maelfu walipotelea njiani, Alberto akiwa mmoja wao. Wagonjwa kama 800 wa Monowitz waliachwa wafe wenyewe.

Zikafuata siku kumi bila maji, umeme wala walinzi. Levi na Wafaransa wawili, Charles na Arthur, wakatoka wakatafuta jiko la chuma na viazi, wakalifunga jiko kwenye chumba chao cha wagonjwa. Moto ulipowaka, mgonjwa mmoja akapendekeza kila mtu awakatie hao watatu kipande cha mkate wake. Wote wakakubali. Siku moja kabla, jambo hilo halingewezekana; sheria ya kambi ilikuwa ule wako, na ukiweza, ule na wa jirani. Levi anasema kipande hicho cha mkate ndicho kilichokuwa ishara ya kwanza kwamba kambi imekufa na wao wameanza kugeuka kutoka wafungwa kuwa watu tena.

Januari 27, yeye na Charles walikuwa wanabeba maiti ya mwenzao kuitoa nje walipoona askari wanne wa Urusi juu ya farasi, vijana wadogo. Askari hawakushangilia. Walisimama kwenye seng'enge wakitazama, kama watu walioona aibu. Ndiyo maana Januari 27 sasa ni siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliouawa.

Nyumbani Torino alifika Oktoba 19, 1945, baada ya kuzungushwa na treni za Kirusi miezi karibu tisa kupitia nchi kadhaa.  Kwenye behewa alilopanda kutoka Fossoli walikuwa watu 45. Waliorudi nyumbani ni wanne.

Akiwa kambini alikuwa akiota ndoto moja mara kwa mara. Yuko nyumbani, amekaa na dada yake na marafiki, anawasimulia: njaa, kitanda kigumu, chawa. Ghafla anagundua hawamsikizi. Wanaongea mambo yao. Dada yake anamwangalia, anainuka, anaondoka bila neno. Alipomweleza Alberto, akaambiwa kwamba hiyo ndoto si yake peke yake, wengi wanaiota.

Na ikatimia, kwa namna. Aliandika kitabu haraka haraka, mengine akiyaandika ndani ya treni akienda kazini kwenye kiwanda cha rangi. Akakipeleka kwa Einaudi, shirika kubwa la uchapishaji la mji wake. Wakakikataa. Mmoja wa waliokisoma na kukikataa alikuwa Natalia Ginzburg, mwandishi mwenye asili ya Kiyahudi, ambaye mumewe alifia gerezani mikononi mwa Wanazi. Watu walikuwa wamechoka na habari za vita. Shirika dogo la De Silva likachapisha nakala 2,500 mwaka wa 1947. Nyingi ziliuzwa, zilizosalia zikawekwa ghalani mjini Florence, na mafuriko ya 1966 yakazizamisha. Einaudi walibadilisha nia 1958, na ndipo dunia ikasoma. Miaka 11 hiyo yote jamaa alikuwa anachanganya rangi kiwandani.

Hapa lazima nimtaje shosho yangu. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa Hali ya Hatari, walipohamishwa na kufungiwa kwenye kile kijiji kilichozungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa. Ameanza kunisimulia mara nyingi. Mara ya mwisho nilikuwa na kisikizi kwenye sikio moja, la upande wa pili, nikijua haoni. Akafika mahali akanyamaza, akasema, "Basi, kunywa chai, itapoa." Nilikunywa chai. Mpaka leo sijui alikuwa amefika wapi.

Levi hakufuta namba mkononi. Vijana walimuuliza mbona hataki ifutwe, akajibu kwamba waliobaki duniani kuwa mashahidi si wengi. Aliendelea na kazi kiwandani hadi alipostaafu, akaandika vitabu vingine, kimoja kikiwa kimepangwa kwa majina ya elementi za kemia. Alikufa Aprili 11, 1987, baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya tatu kwenye ngazi za jengo lile lile alilozaliwa. Daktari wa serikali alisema alijiua. Wapo marafiki zake ambao hawakukubali. Kwenye kaburi lake kuna jina, miaka, na namba 174517.

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, mtu aliweka picha ya yule naibu akiwa na shada shingoni na keki, akaandika: Hitler amestaafu. Vicheko vikamiminika. Niliandika aya nzima ndefu, nikaifuta. Nikaandika jina lake, Mwalimu na jina lake la kweli, na hongera. Mmoja akauliza huyo ni nani tena.

Nikukumbushe tu kwamba Levi alitembelea shule nyingi sana na watoto walimuuliza kila kitu. Siku moja kwenye darasa la tano, mvulana mmoja akamuuliza mbona hakutoroka. Levi akaeleza: seng'enge ya umeme, minara ya walinzi, njaa, nywele zilizonyolewa. Mvulana hakuridhika. Akamwomba achore ramani ya kambi ubaoni. Levi akachora. Mvulana akaitazama, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaeleza mpango wake mbele ya darasa: hapa usiku unamkata mlinzi koo, unavaa nguo zake, unakimbia pale kuzima umeme, taa zinazimika, seng'enge haina nguvu, unaondoka zako. Kisha, kwa uso wa mtu anayesema kweli kabisa, akamwagiza mzee yule kwamba siku nyingine ikitokea tena, afanye vile alivyomwelekeza.